Je, Anyamazaye Wakati wa Kuuza Amedanganya?

Liko swali moja ambalo kila mtu aliyepata kuuza kitu kilichokwisha kutumika amekutana nalo, hata kama hakulitamka kwa kinywa. Nalo ni hili: mtu auzaye kitu chenye kasoro isiyoonekana, naye aijua kasoro ile, lakini hakuulizwa, akanyamaza, je, amedanganya? Hakusema neno la uongo. Hakuapa. Hakuisifu mali yake kupita kiasi. Alinyamaza tu. Wako wasemao kwamba kunyamaza si kosa, maana ulimi uliotulia hauwezi kusema uongo. Wako wengine wasemao kwamba huo ni wizi kama wizi mwingine. Yafaa tulitazame neno hili polepole, nasi tutalitazama kwa mfano wa mashua.

Msomaji wa Mdandu atashangaa, aseme, "Sisi tu watu wa nchi ya juu, tuna viazi, mahindi, ng'ombe na baridi. Mashua yatuhusu nini?" Lakini mkoa wetu wa Njombe wenyewe wafika ziwani, kwa kuwa wilaya ya Ludewa yapakana na Ziwa Nyasa, kule Lupingu na Manda. Tena barabara itokayo Makambako hupita Njombe mpaka Songea, na kutoka huko huendelea Mbinga hata kuteremka Mbamba Bay. Jamaa zetu wenye kazi mijini hushuka Matema au Mbamba Bay siku za likizo pamoja na watoto wao, ili waoge na kutembea juu ya maji. Na mahali watu wapendapo kutembea juu ya maji, hapakosi mtu wa kuuliza, "Nitapata wapi mashua kwa bei nafuu?" Mashua mpya ni ghali, basi hutafuta iliyotumika.

Iko namna moja ya mashua ipendwayo sana na wenye watoto katika nchi ya Marekani. Neno lake si geni kwetu, maana ni lile lile la pantoni tulitumialo kwa kivuko cha Kigamboni, ijapokuwa hicho cha Wamarekani ni chombo kidogo. Hakina tumbo kama mashua zetu. Ni sakafu bapa iliyowekwa juu ya mapipa mawili au matatu marefu ya alumini, yaliyofungwa pande zote, na hewa iliyomo ndani ndiyo inayokifanya chombo kielee. Juu ya sakafu huwekwa viti, uzio na kivuli cha turubai, na nyuma hufungwa injini. Asifiwaye kwa kuunda cha kwanza ni mkulima mmoja wa Richmond katika jimbo la Minnesota, jina lake Ambrose Weeres, ambaye mwaka 1952 aliweka jukwaa la mbao juu ya mapipa ya chuma yaliyounganishwa. Katika maji matulivu chombo hiki hakiyumbi sana. Bibi mzee aweza kukipanda bila kushikwa mkono, na watoto huketi kama wamekaa barazani. Ndiyo maana watu hukinunua kwa ajili ya mapumziko.

Lakini hicho kinachokifanya chombo kipendeze ndicho pia kinachoficha kasoro zake. Mapipa yako chini ya maji, wala mtazamaji aliye juu hayaoni. Viungo vilivyochomelewa huweza kupasuka ufa mwembamba kama unywele, na maji yakaingia kidogo kidogo. Sakafu huwa ya plaiwudi, na juu yake limetandikwa zulia. Plaiwudi ikioza, zulia halioni haya, hubaki zuri vile vile. Injini iliyowashwa asubuhi kabla mgeni hajafika huwaka mara moja mbele yake, naye hudhani ndiyo desturi yake. Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Lakini kwa chombo cha namna hii, kibaya nacho chaweza kujiuza, maana ubaya wake umeketi mahali pa giza.

Sasa natuweke mfano. Mtu mmoja ana chombo kama hicho kando ya ziwa. Mwaka uliopita pipa la kushoto lilipasuka penye kiungo. Fundi hakulichomelea, alilipaka gundi, na juu ya gundi akapaka rangi. Tangu siku ile, kila chombo kitokapo majini, mwenyewe hufungua kizibo na kumwaga maji nusu ndoo. Sasa anadaiwa ada ya shule ya watoto wake, tena ana deni la duka. Akaja mnunuzi kutoka bara, na mkewe, na watoto wanne. Akatazama viti, akatazama kivuli, akasikia injini, akauliza bei. Wakabishana, wakapatana, fedha ikahesabiwa. Habari za mapipa hakuuliza, wala hakuambiwa. Mtu huyu amekosa, ama hakukosa?

Akishitakiwa moyoni mwake, atakuwa na majibu, wala si majibu ya kipumbavu, yatupasa tuyasikilize. La kwanza atasema, "Mnunuzi ana macho, na mwenye kuuliza hapotei, mbona hakuuliza?" La pili, "Bei niliyomtajia ilikuwa ndogo, na bei ndogo yasema yenyewe kwamba kitu hiki si kipya." La tatu, "Nilimwambia nauza kama kilivyo." Na la nne, lenye uzito kuliko yote, "Kama ningesema, asingenunua, na watoto wangu wangerudishwa nyumbani kutoka shule. Je, watoto wake ni watoto kuliko wangu?"

Shauri hili ni la kale sana. Mrumi mmoja mwenye hekima, Cicero, alimwandikia mwanawe kitabu juu ya wajibu mwaka wa 44 kabla ya Kristo, naye alieleza humo jinsi wenye elimu wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater, walivyohitilafiana. Walitoa mfano wa mfanya biashara aliyetoka Iskanderia na nafaka, akafika kisiwa cha Rodo wakati wa njaa. Yeye ajua kwamba nyuma yake zinakuja merikebu nyingine nyingi zenye nafaka. Watu wa Rodo hawajui. Je, awaambie, bei ishuke, ama anyamaze auze ghali? Diogenes alisema kwamba muuzaji hutakiwa kuzitaja kasoro zile tu ambazo sheria imeagiza zitajwe, na katika mengine aweza kutafuta faida yake bila hila. Kunyamaza si sawa na kuficha. Antipater alisema kwamba watu wote ni jamaa moja, na faida ya mmoja yapasa iwe faida ya wote. Kwa hiyo mnunuzi asifichwe neno lolote alijualo muuzaji. Cicero mwenyewe alisimama upande wa kusema kweli.

Katika kitabu kile kile iko hadithi iliyo karibu zaidi na shauri letu, maana ni ya mtu aliyetaka mahali pa kupumzika kando ya maji. Huyo alikuwa Mrumi jina lake Canius, aliyetembelea Sirakusa, mji ule ambao baadaye Mtume Paulo alitua kwa siku tatu. Alitaka kununua bustani ndogo ya kualikia rafiki zake. Mwenye fedha mmoja, Pythius, akamwalika kwenye bustani yake mwenyewe, na kwa siri akawaagiza wavuvi waje wavue mbele ya bustani ile siku hiyo. Mgeni alipofika akaona mashua tele, na kila mvuvi akaleta samaki wake na kumwaga miguuni pa Pythius. Canius akauliza, akaambiwa kwamba samaki wote wa Sirakusa hupatikana hapo. Akawaka tamaa, akainunua bustani kwa bei aliyoitaka mwenyewe Pythius. Kesho yake akawaalika rafiki zake, asione hata kasia moja. Alipomwuliza jirani kama wavuvi wana sikukuu, jirani akamjibu kwamba hapo hawavui watu, naye jana alishangaa kuwaona. Pythius alitumia mashua za watu kusema uongo. Mwenye kupaka rangi juu ya ufa naye amefanya vivyo hivyo: ameitumia rangi iseme badala yake. Kwa hiyo yule wa mfano wetu asidai kwamba alinyamaza tu. Kinywa chake kilinyamaza, lakini rangi ilisema.

Hata hivyo natumtendee haki. Tuseme rangi ile ilipakwa na fundi, na mwenyewe hakuwa na hila. Tuseme alinyamaza kweli kweli. Hapo jambo li namna gani?

Sheria ya nchi haitusaidii sana. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa ilitokana na sheria ya Waingereza ya mwaka 1893, na msingi wake wa kale ni kwamba mnunuzi na ajihadhari. Sheria hiyo humlinda mnunuzi katika mambo kadha wa kadha, hasa anaponunua kwa mfanya biashara wa bidhaa zile na kumweleza haja yake. Lakini mtu wa kawaida auzapo chombo chake kikuukuu, mara nyingi sheria haimlazimu kuyafunua yale asiyoulizwa. Basi, lisilokatazwa na hakimu laweza kukatazwa na dhamiri. Martin Luther, akieleza amri ya saba katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, alionyesha kwamba wezi si wale tu wavunjao masanduku. Wako pia sokoni na dukani, kila mahali mtu ampunjapo jirani yake kwa bidhaa mbaya na vipimo vya uongo. Na katika maandiko yake ya mwaka 1524 juu ya biashara aliikataa kabisa ile kanuni ya wafanya biashara kwamba mtu ana haki ya kuuza mali yake ghali kadiri awezavyo.

Walakini nadhani neno lenyewe laonekana wazi zaidi tukiacha mashua kidogo na kurudi kwa ng'ombe, ambao tunawajua. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, imeandikwa sheria juu ya ng'ombe aliyempiga mtu kwa pembe hata akafa. Kama ng'ombe yule hakuwa na desturi hiyo, mwenyewe hana hatia. Lakini kama alikuwa na desturi ya kupiga, na mwenyewe ameonywa, wala hakumzuia, hapo hatia ya damu ni juu yake. Tazameni kilichogeuza jambo. Ng'ombe ni yule yule, pembe ni zile zile, na aliyekufa amekufa vile vile. Kilichogeuza ni kwamba mwenyewe alijua.

Basi natuulize swali ambalo sura ile haikulitaja. Mtu mwenye ng'ombe apigaye, aliyekwisha kuonywa, akimpeleka mnadani na kumwuza kwa mtu wa kijiji kingine bila kumwambia, je, ameuza ng'ombe tu, au ameuza na hatia yake? Hatia haiuziki. Mnunuzi ameondoka na kamba mkononi, lakini ujuzi haukufuatana na kamba. Umebaki kwa muuzaji. Na siku mtoto wa kijiji kile atakapopigwa, mwenye ng'ombe wa sasa ataweza kusema, "Sikujua." Mtu mmoja tu duniani hawezi kusema hivyo, naye ni yule aliyehesabu fedha akaenda zake.

Hapa ndipo nionapo kiini cha shauri lote. Hoja zote za muuzaji, kwamba mnunuzi ana macho, kwamba bei ilikuwa ndogo, kwamba aliuza kama kilivyo, ni hoja za watu wawili. Zasema kana kwamba katika mapatano yale walikuwapo muuzaji na mnunuzi tu, na kila mmoja alisimama kulinda lake. Lakini wako wengine. Wako watoto wanne waliokuwa wakirusha mawe majini wakati wazazi wakipatana bei. Yuko shangazi atakayealikwa Krismasi. Yuko rafiki wa mtoto, ambaye mama yake atamruhusu kwa sababu chombo ni kikubwa na kina uzio. Hao hawakuuliza bei, wala hawakupunguziwa shilingi. Bei ndogo haikuwa malipo ya hatari yao, maana hakuna aliyewalipa. Nao ndio watakaoketi juu ya pipa lenye ufa.

Kwa hiyo twaweza kutenga mambo mawili ambayo Diogenes na Antipater waliyatia katika gunia moja. Liko kunyamaza juu ya faida, na liko kunyamaza juu ya hatari. Mwenye nafaka wa Rodo alinyamaza juu ya faida. Watu walilipa zaidi, lakini walikula chakula chema. Juu ya hilo wenye busara wataendelea kubishana. Wala sisemi kwamba muuzaji wa mashua alazimika kumwambia mnunuzi kwamba kijiji cha pili wanauza kwa bei ndogo zaidi, au kwamba viti vimechubuka, maana viti vinaonekana. Lakini kunyamaza juu ya hatari ni jambo jingine, nalo halina mabishano. Kasoro iwezayo kuua, ijulikanayo na muuzaji na isiyoonekana na mnunuzi, ni deni la ulimi. Mtu asiyelilipa amedanganya, hata kama hakufumbua kinywa.

Haya si maneno ya kubuni tu. Tarehe 24 Novemba 2018, katika Ziwa Victoria upande wa Mukono nchini Uganda, chombo kiitwacho MV Templar kilizama kikiwa na watu waliokwenda kustarehe siku ya Jumamosi. Watu zaidi ya 30 walikufa. Serikali ya Uganda ilieleza kwamba chombo kilikuwa kibovu, hakikuwa na hati ya kusafiri, tena kilijaza watu kupita kiasi. Mwenye chombo naye alikuwa miongoni mwa waliokufa. Wale waliopanda walivaa nguo za sherehe; hakuna hata mmoja aliyekwenda kukagua chini ya sakafu, wala haikuwa kazi yao. Waliamini kwamba aliyewakaribisha alijua anachowakaribishia.

Mfano wa pili watufundisha neno jingine. MV Skagit ilijengwa Marekani mwaka 1989, ikabeba abiria kwa miaka mingi katika maji yaliyokingwa ya Puget Sound, jimbo la Washington. Mwaka 2011 iliuzwa, ikaletwa kwetu kufanya safari kati ya Dar es Salaam na Unguja. Tarehe 18 Julai 2012, siku ya upepo mkali, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, na watu wengi wakapotea. Simshitaki mtu kwamba alificha neno. Nasema tu kwamba chombo kilichozoea maji fulani hakijawa chombo cha maji yote. Hayo yahusu hasa pantoni ndogo ya kustarehea. Iliundwa kwa maziwa madogo, yenye pwani karibu kila upande. Ziwa Nyasa si ziwa la namna hiyo. Kina chake chafika karibu mita 700, na upepo wa kusini uitwao mwera, uvumao hasa kati ya Mei na Agosti, huinua mawimbi kama ya bahari. Askofu Chauncy Maples, aliyelijua ziwa hilo kwa miaka mingi, alizama humo katika dhoruba mwaka 1895. Mawimbi yakipanda juu ya sakafu bapa, na watu wakikimbilia mbele au upande mmoja, chombo huinamisha pua, na ule utulivu uliosifiwa haupo tena. Basi muuzaji ajuaye kwamba mgeni wake atakipeleka chombo ziwani kwa mwera, akanyamaza, hana tofauti na mwenye pipa lenye ufa. Kasoro haiko katika alumini, iko katika safari, naye anaijua.

Sasa nimrudie mnunuzi, maana sipendi aondoke akijiona hana lake. Sisi wanunuzi tuna dhambi zetu. Kitabu cha Mithali chamtaja mnunuzi atukanaye mali mbele ya mwenyewe, na akiisha kuipata huenda zake akijisifu. Wakulima wa viazi wa Njombe na Makambako wanajua jinsi wanunuzi wanavyojaza lumbesa na kulipa bei ya gunia moja. Muuzaji aliyezoea kupunjwa hujifunza kunyamaza. Huona kila kasoro atakayoitaja itageuzwa kuwa jiwe la kumpigia. Kwa hiyo mnunuzi ataka kweli? Basi ailipie kweli heshima yake. Muuzaji akimwambia, "Pipa hili lina ufa," asimcheke wala asimnyang'anye, bali amshukuru, kisha wapatane kwa haki.

Tena mnunuzi aulize. Asinunue mbuzi kwenye gunia. Akitazame chombo kikiwa ndani ya maji, si juu ya magogo. Akipakie watu wazima na kukiacha kitambo, atazame kama upande mmoja unashuka. Afungue vizibo vya mapipa aone kama maji yatoka. Ainue zulia, akanyage sakafu kwa kisigino. Injini aikute baridi. Achukue fundi wake mwenyewe, si fundi wa muuzaji. Aulize chombo kilitumika maji gani, na mwenye kukiuza ana hati gani. Hapa Tanzania kazi ya kusimamia usalama wa vyombo vya majini ni ya Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC. Hati yake si karatasi ya kupamba ukuta. Na kabla ya kununua viti vya kifahari, kila mtoto awe na jaketi la kujiokolea linalomtosha. Maana siku ile mnunuzi anapowaita watu wake na kusema, "Pandeni," yeye ndiye mwenye ng'ombe. Sheria ya kale, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, ilimwagiza ajengaye nyumba kuweka ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Mwaliko una wajibu wake, hata mwaliko wa furaha.

Pengine mtu atasema, "Basi vitu vikuukuu visinunuliwe." Sivyo. Uzee si kasoro. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikaingia majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 ikabeba watu na mizigo kwa miaka mingi mingi. Chombo kilicholala chini ya maji kwa miaka minane kilifaa tena, kwa sababu waliokuwa nacho mwisho walikitunza hata katika saa ile ya kukizamisha. Si umri wa chombo uwauao watu. Kiwauacho ni ufa uliojulikana ukapakwa rangi.

Limebaki jibu la nne la muuzaji, lile la ada ya shule, nami sitalipita. Ni kweli kwamba kusema kweli hugharimu. Mtu asidanganywe kwamba mwaminifu atapata bei ile ile. Atapata pungufu, na pengine mnunuzi ataondoka, na mtoto atakosa masomo kwa muhula mmoja. Lakini hata hapo njia haijafungwa yote. Ufa waweza kuchomelewa, na gharama yake ikaongezwa katika bei. Injini yaweza kuuzwa peke yake kwa mvuvi, viti kwa mwenye mgahawa, alumini kwa mafundi wa masufuria. Kitu kisichofaa kubeba watoto chaweza kufaa kwa kazi nyingine, na mtu akakiuza mchana kweupe. Na kama baada ya hayo yote hasara imebaki, basi ni hasara yake mwenyewe, iliyomfikia pamoja na chombo chake. Hana ruhusa ya kuihamisha na kuitia chini ya miguu ya watoto wa mtu mwingine. Watoto wake ni watoto kama wale. Ndiyo sababu hasa wale wasiwe malipo ya hawa.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Lakini katika uuzaji wa vyombo vibovu, mara nyingi kifo humfichua aliyeficha baada ya kumpata asiyeficha kitu. Na chombo kikuukuu hakikai mkononi mwa mtu mmoja; leo umenunua, kesho utauza. Huenda wewe uliuziwa kwa kimya, ukagundua mwenyewe ule ufa, na moyo ukakuambia, "Mimi pia sikuambiwa." Neno hilo ni kweli, lakini halikupi haki. Wa kwanza alipokea ufa na kimya, akavipeleka vyote viwili mbele. Wewe waweza kuupokea ufa, na kimya kikaishia kwako. Iwe ni pantoni ya Mbamba Bay, au motokaa ya Makambako, au ng'ombe wa mnada wa Mdandu, mwulize mnunuzi wako kabla hajakuuliza: "Ni nani watakaokipanda?" Kisha umwambie yote uyajuayo ambayo wale wangependa kuambiwa.